Kiti cha Inchi Ishirini na Tano

Tangu nirudi kutoka Pemba mnaniuliza mambo mawili barazani: mama yukoje, na hii gari nimeinunua ya nini. La kwanza nalijibu kila siku. La pili nimechoka kulijibu kipande kipande kila anapotokea mtu mpya na kikombe chake cha kahawa, basi naandika safari yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi akasome.

Mnanijua. Mimi ni fundi cherehani wa Fuoni, na futi yangu haitoki shingoni. Mama yangu, Bi Riziki, anakaa Msuka, mwisho kabisa wa Pemba upande wa kaskazini. Nyonga yake ya kulia imeharibika. Gari za abiria za kule, zile za ubao, hupandwa kwa ngazi, na ngazi hawezi tena. Teksi ya saluni iko chini mno: kuingia anaanguka kitini, na kumtoa kunataka watu wawili na machozi yake juu. Madaktari walikubali kumpasua hapa Unguja. Aliyekataa ni yeye. Alisema halali kwenye kitanda cha kupasuliwa mpaka apate radhi ya mdogo wake, Kazija, ambaye anakaa Kisiwa Panza, kusini kabisa.

Habari ya radhi hiyo ni hivi. Miaka tisa iliyopita babu alifariki Msuka. Kazija alipigiwa simu asubuhi, lakini maji yalikuwa yametoka, mashua zote zimelala kwenye tope, akakaa kusubiri yajae. Wanaume wakamwendea mama, kwa kuwa ndiye mkubwa wa watoto, wakamuuliza: tumsubiri Kazija? Mama akasema zikeni. Kazija alifika laasiri, kaburi limeshafunikwa, na uso wa baba yake hakuuona. Tangu siku hiyo hawasemezani. Nilipomwambia mama kwamba siku hizi mambo haya humalizwa kwa simu, alinijibu kwamba radhi haiombwi kwa simu, kisha akaikata.

Nilipokwenda Msuka kumtazama, kitanda cha mama nilikiinua kwa magogo mpaka kikafika inchi ishirini na tano kutoka chini. Kwa urefu huo anakaa na kuinuka mwenyewe bila kushikwa. Nikaenda kwenye yadi za magari na futi yangu. Muuzaji alinieleza mambo ya injini, kamera na skrini, mimi nikafungua milango na kupima viti. Saluni zilikuwa chini; majipu, yale magari marefu ya matairi makubwa, yalikuwa juu. Hii gari ndogo iliyoinuliwa, ambayo yeye aliiita krosova na nyinyi mnaiita kigari kilichovaa viatu vya kaka yake, ilisoma ishirini na tano kamili. Nikaichukua.

Malindi mpaka Mkoani

Bandarini Malindi, hapa Unguja, meli ilichelewa kwa saa mbili na hakuna aliyetueleza kwa nini. Gari yangu walipoipakia waliibana kati ya lori la saruji na mafriji yaliyofungwa kwa kamba. Dereva wa lori, mtu wa Mtambile, mpole na mwenye maneno, aliizunguka mara mbili mikono ikiwa nyuma.

"Juu jipu, chini saluni," akasema. "Yakhe, hii ukiikata katikati hupati hata moja."

Nikamwambia imepimwa. Akauliza nani kaipima. Nikamuonesha futi. Alicheka mpaka akaketi juu ya kamba, halafu akanigawia pweza wake wa kukaanga, tukala mpaka kisiwa kikaonekana.

Mkoani mpaka Msuka

Kichekesho cha safari hii ni kwamba Mkoani, tunaposhukia, ni jirani na Panza. Mama mdogo Kazija alikuwa karibu nami kuliko mama mwenyewe. Lakini mwenye haja na radhi alikuwa Msuka, kwa hiyo nikakiacha kisiwa chote kipite dirishani kutoka kusini hadi kaskazini, ili kesho yake nikirudie kutoka kaskazini hadi kusini.

Kwa wanaopenda mambo ya gari: milima ya Pemba ni mingi na mifupi, na kigari kiliipanda bila kulalamika. Mshale wa mafuta haukushuka sana. Matuta kiliyapita tumbo likiwa salama. Zaidi ya hayo sina la kusifu, maana barabara kuu ni nzuri na hata saluni ingepita.

Njiani nilimpigia simu mwenye duka mmoja wa Panza, jirani wa Kazija, nikamuomba amfikishie habari kwamba dada yake anakuja kesho, kabla hajakwenda kupasuliwa Unguja. Baada ya robo saa akanipigia.

"Nimemwambia," alisema.

"Kasemaje?"

"Kasema kasikia."

Nikamuuliza kama alisema hivyo kwa uso mzuri au mbaya. Akanijibu kwamba alikuwa anafua, uso ameuinamisha.

Msuka nilifika baada ya laasiri. Sikumwambia mama neno. Niliisogeza gari mpaka mlango wake wa mbele ukawa karibu na kizingiti, nikaufungua, nikasimama pembeni. Akaja na mkongojo wake, akageuka, akakaa. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili. Akakaa kidogo, akatoka tena peke yake, akasimama ananitazama.

"Nani kakwambia kipimo changu?" akauliza.

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kufungua duka langu. Na furaha hiyo ndiyo iliyotuponza.

Msuka

Majirani walikuja kuiona gari, nami badala ya kunyamaza nikafungua buti. Nikalaza kiti kimoja cha nyuma kuwaonesha namna nafasi inavyoongezeka. Nikasema, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba humu unaingia mzigo wa punda wawili. Wakaitikia mashallah, wakauliza safari ya wapi, mama akawaambia: Wete, Chake, Mtambile, mpaka Chokocho, kwenye mashua za kuvukia Panza.

Asubuhi nilipotoka kuwasha gari, baraza lilikuwa limejaa. Kulikuwa na gunia la mihogo na mito miwili ya sufi kwa bi harusi mmoja wa Wete, kuku hai aliyefungwa miguu kwa binti wa jirani anayekaa Chake, na dumu la mafuta ya nazi kwa mtu wa Mtambile, si yule dereva wa lori. Nikamwambia mama hatuwezi. Nilikuwa nimeshazungumza na mwenye mashua wa Chokocho, naye alikuwa amenieleza waziwazi: "Maji yajaa saa sita. Mpaka saa nane nampakia bibi juu ya kiti hapa hapa kwenye ukuta wa gati. Baada ya hapo tope, na tope halibebi ntu ngonjwa." Meli yetu ya kurudi Unguja ilikuwa kesho yake alfajiri, na kitanda cha hospitali kilikuwa kinatusubiri. Siku ilikuwa hiyo moja tu.

"Tutawahi," mama akasema. "Gari si ina nafasi?"

Tuliondoka saa mbili. Kwa hesabu yangu saa tano tungekuwa Chokocho tunakunywa chai.

Msuka mpaka Wete

Tulipotoka Konde, kando ya barabara alisimama mzee mmoja mwenye kanzu na mfuko wa nailoni. Hatukumjua.

"Simama," mama akasema. "Ntu nzima yule, na jua hili."

Nikasimama. Kiti kimoja cha nyuma kilikuwa bado wazi, nikamuelekeza huko. Mama akanitazama kama mtu aliyenilea vibaya. Shehe mzima akae nyuma na kuku, mwanamke akae mbele? Kabla sijajibu alishaanza kuteremka. Mzee alikataa kwa adabu, mama akakataa kukataa kwake, na ikawa hivyo. Kiti cha mbele nilikipima. Cha nyuma sikukipima, na mlango wake ni mwembamba. Kumuingiza mama kulituchukua muda mrefu, mguu ule mbovu ukigoma kupinda, yeye akiuma ukingo wa buibui asitoe sauti. Nilijilaumu. Nilimlaumu na mzee pia, ingawa hakuwa na kosa.

Mzee alijitambulisha, Shehe Hamadi, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyestaafu, anakwenda Chake kwa mwanawe. Alikibonyeza kiti, akagusa paa kwa kiganja.

"Hii saluni ama jipu?" aliniuliza.

"Kati na kati, Shehe."

"Yaani aliyeiunda hakuamua."

Kisha akageuka nyuma, akamuona mama kafumba macho, kajilaza ubavu kwa maumivu, nami naendesha mbio. Akakata shauri kwamba tunampeleka mgonjwa mahututi. Hakuuliza. Alianza kusoma Yasin, taratibu, kwa sauti nzuri sana. Tulikwenda hivyo kwa muda, mimi nikidhani ni mazoea yake ya safari, mpaka mama akafumbua macho.

"Shehe," akasema, "nani anayekufa humu?"

"Si weye ngonjwa, bibi?"

"Naumwa nyonga. Nisomee dua ya safari, Yasin bado."

Shehe akaomba msamaha, akasoma dua ya safari. Kuku naye akanyamaza.

Wete tulimkuta bi harusi, mwenye mihogo na mito, amepakwa mafuta ya maandalizi ya harusi. Nilidhani tutashusha na kuondoka. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Wali wa nazi, samaki changu wa kupaka, na baadaye halua, ambayo kuikataa ukiwa Wete ni kuwatukana wenyeji. Mama chakula alikila garini kwa sababu ya mguu, wanawake watatu wamesimama mlangoni wanampa habari za bi harusi. Nilitazama saa mara nne. Tulipoondoka ilikuwa saa tano, wakati ambao ningekuwa Chokocho.

Wete mpaka Chake

Shehe Hamadi tulimshusha mlangoni kwa mwanawe. Hapo ndipo alipomuuliza mama safari yake hasa ni ya wapi, na mama, aliyekuwa amekwisha kumzoea, akamueleza yote: mdogo wake, baba yao, maji ya Chokocho. Shehe alisimama na mfuko wake kidogo.

"Basi mngeniacha pale Konde," akasema. "Mngeniacha tu."

Akatuombea, akaingia ndani. Sikumlaumu tena.

Mama alirudi kiti cha mbele, tukaenda kumtafuta mwenye kuku. Hakuwepo. Jirani yake alituambia amekwenda sokoni, atarudi sasa hivi. Yule jirani alikuwa mwanamke mstaarabu mwenye banda la kuku lake mwenyewe, akanyoosha mikono kumpokea. Mama akamrudisha kuku mapajani.

"Mama, mpe," nikasema. "Atampa mwenyewe."

"Nimeambiwa nimtie mkononi mwake. Amana haipokelewi na jirani."

Tukasubiri. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaenda kuswali, nikarudi, mwenye kuku hajaja. Saa saba ikapita. Jua lilikuwa kali, nikawasha kiyoyozi, mimi na mama na kuku tukakaa humo kama watu wa ofisini. Nilikasirika, na sioni haja ya kuficha. Nilikuwa nimefunga duka msimu wa Idi umekaribia, nimepima viti vya nusu ya Unguja, na safari yote ilikuwa inakufa kwa sababu ya kuku mmoja.

"Mama, maji yanatoka," nikasema.

"Nnajua yanatoka. Nnayajua kuliko weye."

"Sasa mbona hufanyi haraka?"

Alimpapasa kuku mgongoni.

"Mie nilishafanya haraka mara moja," akasema.

Mwenye kuku alikuja saa nane kasoro, kikapu kichwani, akampokea kuku kwa mikono miwili na kulia kwa kumkumbuka mama yake. Alitaka tuingie ndani tukanywe japo maji. Mama akamwambia maji ndiyo tunayoyakimbilia.

Chake mpaka Chokocho

Mtu wa Mtambile, Mungu amzidishie, alikuwa amesimama barabarani anangoja dumu lake. Tulimkabidhi, akashukuru, tukaondoka. Buti likabaki tupu, na gari ikawa nyepesi mpaka nikaihisi kwenye usukani.

Tulipoiacha barabara kuu tukakuta njia imelowa. Mvua ilikuwa imepiga huko na sisi hatukuiona. Sehemu moja maji yalikuwa yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, na saluni nyeupe ilikuwa imekaa juu yake kwa tumbo, matairi ya mbele yanazunguka hewani, abiria wake wamesimama pembeni wanatoa ushauri. Niliteremka na futi. Kutoka chini ya matairi mpaka tumboni saluni ile ilikuwa na inchi tano, gari yangu nane. Nikalitia tairi moja ukingoni, jengine juu ya tuta la katikati, tukapita polepole kando yake, tumbo halikugusa. Upande wa pili nilisimama tukawavuta kwa kamba, wakatoka. Hii ndiyo sehemu mnayopenda niisimulie barazani, na ni kweli saluni isingepita. Lakini na hapo tulipoteza muda.

Chokocho tulifika saa kumi. Maji hayakuwepo. Mbele ya ukuta kulikuwa na tope jeusi, refu, mashua zimelalia ubavu, na mkondo unang'aa mbali kule, mpana kidogo tu kuliko barabara. Mwenye mashua alikuja dirishani, akamuamkia mama, akanitazama mimi.

"Nilikwambia saa nane," akasema, bila ukali.

Aliniambia mkondoni mitumbwi midogo inavuka, lakini kutoka hapa mpaka ukingo wa mkondo ni tope la magoti. Nikamuuliza kama watu wanne wataweza kumbeba mama juu ya kiti. Akasema tope huwala wabebaji, na bibi akianguka ataangukia nyonga. Maji yangerudi usiku mkubwa, na meli yetu alfajiri.

Nikarudi garini kumwambia mama. Alishasikia. Alikuwa anatazama tope kupitia kioo cha mbele.

"Laasiri," akasema. "Saa hizi hizi alifika yeye."

Alifungua mlango, akatoa mguu mzuri, akauweka chini. Nikamuuliza anakwenda wapi. Nilimshika bega, akautoa mkono wangu. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mama yangu amezeeka.

Mwenye mashua ndiye aliyesema, "Kuna ntu yuaja."

Mtu mmoja alikuwa ameteremka kutoka kwenye mtumbwi kule mkondoni, anakuja kwa miguu juu ya tope. Mwanamke, nguo kaikunja na kuifunga juu ya magoti, kikapu kichwani. Alizama, akajing'oa, akaendelea. Alichukua muda mrefu. Mimi sikumtambua. Mama alimtambua kwa mwendo.

Kazija alipanda ukuta tope likimchuruzika. Alikiweka kikapu chake juu ya ukuta. Nilimuamkia, akaitikia bila kunitazama. Mama alikuwa anajivuta atoke kitini.

"Usishuke, dada," Kazija akasema. "Kaa."

Mama akakaa.

"Siku ile nilisubiri maji," Kazija akasema. "Leo sikuyasubiri."

Akazunguka gari, akaufungua mlango wa dereva, akaingia na tope lake lote juu ya kiti nilichokuwa sijakitoa nailoni ya yadi. Akafunga. Mama akafunga wake. Injini ilikuwa inanguruma, kiyoyozi kinafanya kazi, na vioo vya gari hiyo, nimekwisha kuwaambieni barazani, havipitishi sauti.

Nilikaa ukutani na mwenye mashua. Tulizungumza bei ya dizeli na ubaya wa kamba za siku hizi. Sikugeuka kutazama ila mara mbili. Mara ya kwanza mama alikuwa anasema, na Kazija ameshika usukani kwa mikono yote miwili anatazama mbele, kama mtu anayeendesha. Mara ya pili hakuna aliyekuwa akisema, na vichwa vyao vilikuwa vimekutana katikati, juu ya breki ya mkono. Waliyoyazungumza siyajui, na msiniulize.

Baada ya muda kioo cha upande wa dereva kikashuka. Macho ya mama mdogo yalikuwa mekundu, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Mwanangu," akaniita. "Radhi kapata. Hilo buti lina nafasi?"

Nikamwambia lina, tumelitoa vitu mchana kutwa. Akanielekeza kwa kidevu kile kikapu juu ya ukuta. Nilidhani ni pweza, au samaki wa kumpa mama. Nilipokiinua kilikuwa chepesi. Ndani yake kulikuwa na kanga mbili, msala wa kuswalia, mswaki na shuka ya kujifunikia mtu anayelala chini, pembeni ya kitanda cha hospitali.